Nafasi ya Bakari Kwenye Foleni

Temeke,
3 Februari 1975

Mdogo wangu Bakari,

Salaam. Usiulize nani kaniandikia, nimeandika mwenyewe. Mwaka wa pili huu nakwenda kisomo cha watu wazima, kile mlichokuja kukifungua nyie wakubwa, mkapigwa picha, mkaondoka. Sie tuliobaki tumejifunza.

Najua ni kichekesho, mtu wa Temeke kumpelekea barua nduguye aliyeko Kinondoni, mabasi mawili tu. Lakini nimekuja ofisini kwenu mara mbili, na mara zote msichana wa mlangoni kaniambia uko mkutanoni. Mara ya pili niliviona viatu vyako chini ya mlango. Navijua, umevikanyaga upande kama baba.

Shuhuli yangu ni hii. Mwanangu Mwanabaraka, kule Lindi, atajifungua mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Mtoto wa kwanza alimfia mikononi na hapakuwa na mtu mzima wa kumshika. Safari hii nataka niwepo mpaka arobaini iishe. Kinachonizuia ni kaka yetu Jabiri. Tangu mama afe, miaka kumi na moja, sijalala nje ya nyumba hii. Shuhuli zangu zote zinaanzia kwake na kuishia kwake. Jabiri haumwi, hana fujo, kula anakula, kuoga anaoga ukimtengea maji. Ila pesa hazijui na barabara peke yake havuki. Wewe unayajua haya, au uliyajua zamani alipokuwa akikubeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani, maana alikupita miaka minne.

Sikuombi umlee. Nakuomba unipokee. Mwanamke akirudi sokoni na kapu kichwani, hata asiyemjua humpokea. Mie kapu hili sikulalamika nalo, na wala kaka yangu si kapu, lakini shingo inauma. Siku arobaini tu, basi.

Ukikataa sitagomba. Nitamvalisha Jabiri kanzu yake ya Idi, tuje kwenye ule mkutano wako wa Jumapili, tukae mstari wa mbele tukusikilize ukieleza ujamaa.

Dada yako,
Mwanaheri Salum

*

Kumb. Na. BS/BINAFSI/1
Kinondoni, Dar es Salaam
14 Februari, 1975

Ndugu Mwanaheri Salum,
Temeke.

YAH: OMBI LA KUMHIFADHI NDG. JABIRI SALUM

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 3 Februari, 1975, yahusika.

2. Ombi lako limepokelewa na kufikiriwa kwa makini. Napenda kukufahamisha kwamba wakati huu Taifa lipo katika vita vya njaa na ukame, na sisi tuliopewa dhamana hatuna saa za kupoteza kwa mambo ya nyumbani. Aidha mke wangu, Mauwa, hajazoea kukaa na mtu wa aina hiyo.

3. Siku nyingi nimekushauri kwamba mtu asiyeweza kujitegemea atafutiwe mahali panapofaa, mbali kidogo, penye hewa nzuri. Ulinijibu kwa matusi.

4. Hata hivyo, kwa kuzingatia maneno ya mwisho ya barua yako, ombi limekubaliwa kwa siku arobaini na si zaidi. Masharti: atalala chumba cha uani, hataingia sebuleni wakiwepo wageni, na kanzu hiyo ibaki Temeke.

5. Neno "shughuli" lina "gh". Umeandika "shuhuli" mara mbili. Mwalimu wako aelezwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
B. Salum

*

Temeke,
1 Machi 1975

Bakari,

Umeniita Ndugu. Nikafurahi, nikasema kumbe kakumbuka. Kisha nikaona ni ndugu ile ya mkutanoni, anayoitwa hata mtu asiyejulikana. Haya, asante.

Kesho nakuletea Jabiri, na barua hii nitakutia mkononi, maana najua maneno ya mdomo hutayasikiliza. Isome mara mbili.

Kwanza, yeye ni kaka yako. Kila asubuhi umwamkie. Atakuitikia marahaba vizuri kabisa, kuliko hao wakubwa zako.

Pili, usimkalishe bure. Umeandika hajitegemei. Tangu sukari na unga viadimike, hapa dukani kwa ushirika kila mtu anaweka jiwe lake kwenye foleni kabla ya kwenda kuchota maji, na mwenye kulinda mawe ni Jabiri. Jiwe la nani limetangulia, la nani limefuata, yote yamo kichwani mwake. Mke wa mwenyekiti wa tawi alisogeza tofali lake siku moja, Jabiri akalirudisha. Akalisogeza tena, akalirudisha tena. Watu walipiga makofi. Wewe mtu kama huyo unamtafutia mahali penye hewa nzuri.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Sie watu wa mji huu tukiondoka tunasema "nakuja". Mtu anakwenda zake, kurudi hana hata nia, anasema nakuja, na wote tunaelewa ni kwaheri. Jabiri haelewi. Ukimwambia unakuja, yeye anajua unakuja, na hapo ulipomwacha hatoki. Mwaka aliokufa mama, Mwinjuma muuza mkaa alimwambia "nakuja" kwenye kona akaenda pombeni. Jabiri tulimkuta kesho yake pale pale, kakumbatia gunia la watu. Kwa hiyo ukiondoka mwambie kwaheri. Neno la nakuja lifute katika nyumba yako kwa siku arobaini.

Ndani ya mfuko wa shati lake nimeshona karatasi yenye anwani yangu ya Lindi. Yako sikuiandika. Nilikuwa na wino wa kutosha, sikutaka tu.

Mwanaheri

*

Kumb. Na. BS/BINAFSI/2
Morogoro
18 Machi, 1975

Ndugu Mwanaheri Salum,
Lindi.

YAH: TAARIFA YA MAENDELEO YA NDG. JABIRI

Nakuandikia kutoka Morogoro ambako ninahudhuria semina ya viongozi ya siku sita. Mada yangu ilihusu wajibu wa kila mwananchi kwa jirani yake, na imepokelewa vizuri.

2. Napenda kukufahamisha kwamba Ndg. Jabiri yu mzima. Anakula. Wageni wamekuwa wengi, na ili kuepusha maswali wameelezwa kwamba ni mtumishi wa bustani. Yeye mwenyewe hakupinga.

3. Utafurahi kusikia kwamba jana, kabla sijasafiri, nimempa kazi ya maana, pengine ya kwanza katika maisha yake, na ameifanya bila kunung'unika. Nasema hivi ili uone kwamba miaka kumi na moja umemdekeza. Mtu wa namna hii hahitaji kubembelezwa, anahitaji amri fupi.

4. Maelekezo yako ya kurasa mbili niliyapokea na yamo kwenye faili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
B. Salum

*

Duka la Ushirika,
Magomeni, Dar es Salaam
20 Machi 1975

Mama Mwanaheri Salum,

Shikamoo mama. Hunijui. Naitwa Polikarpo, karani wa duka hili, kwetu Masasi. Anwani yako nimeikuta imeshonwa kwenye shati la mtu anayeitwa Jabiri. Usishtuke, ni mzima, kala ugali mchana huu, kidogo anakohoa.

Siku ya Jumatatu tulitangaza kwamba sukari itakuja. Foleni ikawa ndefu mpaka barabarani. Alikuja bwana mmoja na gari la serikali, mnene kiasi, kalamu tatu mfukoni, akamshusha ndugu huyu, akamsimamisha kwenye mstari. Nilikuwa dirishani, nikamsikia. Alisema, "Shika nafasi yangu hapo, nakuja." Akaondoka. Sukari haikuja siku ile. Watu wakaondoka, yeye hakuondoka.

Jumanne mvua ilinyesha. Nikamwita aingie barazani, akakataa. Nikampa jiwe, nikamwambia aliweke pale alipo, kama wanavyofanya wenzake, ili aje ale. Akalitazama sana lile jiwe. Akaniambia, "Bakari hakuweka jiwe. Kaniweka mimi."

Nilivua koti nikasimama mimi pale alipo, nikamwambia nitaishika nafasi ya Bakari mpaka amalize kula. Hapo ndipo alipokubali. Tangu siku ile tunapokezana, mimi, mke wangu Eufrazia na akina mama wa foleni. Mmoja anasimama, Jabiri anakula. Mwingine anasimama, Jabiri anakwenda kulala kwetu, chumba cha nyuma ya duka. Jioni nikifunga duka namwahidi kwamba hakuna atakayepanga foleni penye mlango uliofungwa. Amelikubali hilo, lakini asubuhi nikifungua yeye ameshafika. Leo ni siku ya nne.

Huyo Bakari ni nani, na anakaa wapi? Tumemuuliza Jabiri, anasema, "Kwao." Tukimwomba atupeleke anasema hawezi kuondoka, Bakari atakuja asimkute.

Mimi,
Polikarpo

*

Lindi,
7 Aprili 1975

Bakari,

Barua zenu zimefika siku moja, yako na ya karani wa duka la Magomeni. Niliisoma yako kwanza, nikasema alhamdulillahi. Kisha nikafungua ya pili.

Kazi ya maana. Kaka yako umemfanya jiwe, ukaita kazi ya maana. Hata jiwe, Bakari, mtu hulirudia, maana pale lilipo ndipo zamu yake ilipo. Wewe hukurudi. Sukari ulipata, nina hakika, mlango wa nyuma wa duka jingine, na ndiyo maana Magomeni hukuiona tena. Na kwa nini Magomeni? Duka si lipo mtaani kwenu? Ulikwenda mbali watu wasikuone unasimama na nani. Ukatoka hapo ukaenda Morogoro kuhutubia wajibu kwa jirani.

Nilitaka kukutukana lakini kisomoni hatujafika huko.

Unajiona umesoma. Nilikuandikia neno moja, moja tu, usilitamke, na hilo hilo ndilo ulilolitamka. Kurasa zangu ziko kwenye faili, unasema. Basi lale humo faili lako na wewe ulale pembeni. Mama alipokuwa anakata roho aliniambia Jabiri ndiye mwenye akili ndogo kati yenu. Nilimwamini mama kwa kila kitu, ila hapo alikosea mtoto.

Nilikwenda posta nimpelekee Polikarpo simu ya maandishi. Yule wa dirishani akaniuliza niandike maneno gani. Nikamwambia, mweke Jabiri, nakuja. Kisha nikamwambia afute hilo la mwisho. Rufiji imefurika, barabara haipitiki, na mjukuu wangu kachelewa kuzaliwa, ana siku kumi na mbili tu, kifua hakijakaa sawa, mama yake hamtui hata kidogo. Nakujaje? Nimeona haya mbele ya mtu wa posta. Wewe ungeandika tu.

Wiki tatu sasa, Bakari. Uliporudi toka semina hukumkuta nyumbani. Ulifanya nini? Barua ya kuniambia kapotea sijaipata. Nenda Magomeni. Usiende kumchukua, karani nimemwambia asikupe. Nenda tu akuone, mtu huyo anakungoja.

Mwanaheri

*

Kinondoni,
24 Aprili 1975

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Leo sikwenda ofisini.

Umeniuliza nilifanya nini nilipomkosa. Mauwa alidhani nimemrudisha Temeke kabla ya safari. Mimi nikadhani amechoka kusimama akarudi kwenu kwa miguu. Sikwenda kutazama. Utaniuliza kama nilihuzunika, kwa hiyo nakwambia mwenyewe. Nilifurahi. Niliona jambo limejimaliza.

Sukari ulivyosema ndivyo. Rafiki yangu alinipa kilo mbili Ilala siku ile ile, saa moja baada ya kumwacha. Nilikumbuka kwamba yupo Magomeni, nikaangalia saa, dereva wa Morogoro alikuwa ananingoja. Nikasema moyoni, si mtoto, atajua njia. Miaka yote nimesema si mtu mzima, siku ile ikanifaa awe mtu mzima.

Nimemkuta pale pale. Karani amechora alama ya chaki kwenye saruji, karibu na dirisha, na Jabiri alikuwa amesimama juu yake. Watu wanampita kushoto na kulia, wanamwamkia kwa jina. Aliniona tangu navuka barabara. Hakucheka wala hakulia. Alisogea hatua moja pembeni akasema, "Nafasi yako hii. Wengi wameitaka, nimewakatalia."

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Ndiye huyu Bakari?" Foleni nzima ikageuka. Walinitazama tu, dada, kuanzia viatu kupanda juu. Nimesimama mbele za watu elfu nikawahutubia na sijawahi kutazamwa namna ile. Nikasimama kwenye chaki kwa sababu sikujua pengine pa kusimama. Zamu yangu ilipofika, karani aliniuliza nataka nini kama anayeuliza mtu yeyote. Sukari haikuwepo. Nikanunua mche wa sabuni.

Kisha nikamwamkia Jabiri. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Akasema marahaba, akanishika kichwani alivyokuwa akinishika zamani tukifika chuoni. Nikamwomba twende nyumbani, nikamwambia atalala ndani, si uani. Akauliza, "Umeshapata sukari?" Nikasema bado, maana sikuweza kusema nilishapata. Akasema, "Basi nasubiri."

Nimedanganya tena, na sasa anasubiri kwa uongo huo. Polikarpo anasema hawezi kumlazimisha. Anasema pia kwamba Jabiri amekuwa mlinzi wa mawe yao na foleni haina ugomvi tena, na chumba kile cha nyuma ni chake hata mwaka. Mkewe anamwita shemeji.

Faili nimelichoma, barua zako nimezitoa. Niambie nifanye nini, na usinihurumie.

Mdogo wako,
Bakari

*

Kumb. Na.: sina
Lindi,
6 Mei 1975

Mdogo wangu Bakari Salum,
Kinondoni.

YAH: SHUGHULI YA KUPOKEZANA

Rejea barua yako ya 24 Aprili, yahusika. Nimeisoma mara mbili, kama nilivyokufundisha kusoma.

2. Kukuhurumia sijaanza. Umechoma faili mwenyewe, ukataka nikupe pole ya vidole vilivyoungua. Nilipofika pale kwenye sabuni nilicheka mpaka Mwanabaraka akaja kutazama. Kisha nikalia, lakini hilo halikuhusu.

3. Mtoto amenenepa. Tumempa jina la Jabiri. Baba yake aliuliza kama si mkosi, nikamwambia mkosi ungekuwa kumwita Bakari.

4. Rufiji ikishuka nitarudi. Siku siisemi kwa sababu siijui. Nikirudi nitamuuliza Jabiri mwenyewe anataka kukaa wapi. Tangu azaliwe hatujawahi kumuuliza, hata mie, na hapo na mie nina kosa langu. Akitaka chumba chake cha Magomeni, akae, awalindie mawe yao. Akitaka Temeke, kitanda chake kipo. Kokote atakakokaa tutapokezana, mie, Polikarpo na wewe. Zamu yako ni kila Ijumaa baada ya swala. Utakula naye, utamtengea maji ya kuoga, na ukiwa na wageni siku hiyo utakuja nao, uwaambie huyu ni nani.

5. Kuhusu sukari. Nenda na zile kilo mbili, kama mmekula nenda na utakachobakiza, hata kikombe. Mwonyeshe. Mwambie umepata siku ile ile na hukurudi. Atakukasirikia, kukasirika anajua. Ukae hapo hapo mpaka aishe hasira, usiangalie saa.

6. Ukimaliza, mwambie kwaheri. Na Ijumaa inayofuata usimpelekee salamu wala usimwambie unakuja. Njoo.

Dada yako,
Mwanaheri